Kaburini Hapana Mtihani: Kwa Wahitimu Mnaokwenda Vituoni

Bwana asifiwe, watumishi wapya.

Juzi Jumamosi, katika kijiji kimoja cha milimani juu ya Mwandiga, Kigoma, mchungaji wa majaribio ambaye hajafikisha hata miezi sita tangu mahafali alisimama ukingoni mwa kaburi lililo wazi. Vijana wa makoleo walikuwa tayari, wingu la mvua linateremka kutoka upande wa Burundi. Akawaambia watu wafumbe macho, na anayetaka kuokoka anyooshe mkono. Hakuna mkono. Akaanzisha pambio. Akarudia wito, akaongeza kwamba marehemu naye alidhani ana muda. Mvua ikashuka, udongo mwekundu ukawa utelezi, jeneza likaingia kaburini limelala upande. Mjane aliondolewa kabla ya shada la kwanza kuwekwa.

Wengi wamemcheka. Mimi najua alikolitoa lile jambo: alilitoa darasani kwetu. Nitalifikia katika namba ya tatu. Nimeweka namba ili msiseme mzee hakupanga, ingawa mliokaa darasani kwangu mnajua namba zangu huwa zinapotea njiani.

1. Mahubiri huanza Jumatatu.

Kila darasa hutoa vijana wawili watatu wanaosema Roho atawapa la kusema palepale, na ushahidi wao ni uleule, Mathayo 10:19. Rudini mistari miwili nyuma. Wanaoahidiwa maneno pale ni watu watakaopelekwa mabarazani na kupigwa katika masinagogi. Wewe hujakamatwa na mtu. Una juma zima, una meza, una chai. Ile nyingine ya "andiko huua", 2 Wakorintho 3:6, inasema juu ya agano lililochorwa katika mawe. Haijasema neno juu ya karatasi yako ya mahubiri.

Jumatatu soma kifungu mara tatu kwa sauti katika Biblia ya Union Version na katika tafsiri nyingine moja, uweke alama kila zinapotofautiana, kwa kuwa hapo ndipo kazi ilipo. Jumanne soma sura iliyotangulia na inayofuata. Jumatano andika wazo kuu kwa sentensi moja isiyozidi maneno 15. Ukishindwa, bado hujakielewa kifungu, rudi Jumatatu. Alhamisi mifano na matumizi, Ijumaa andika, Jumamosi liache lipumzike, wewe ukaone mgonjwa. Mhubiri wa kawaida hutoa kama maneno 100 kwa dakika, kwa hiyo dakika 25 ni maneno 2,500, yaani kurasa kumi hivi za mkono. Ukipanda mimbarani na kurasa 20, usiilaumu kwaya kwamba imekula muda.

Na tafadhalini sana, ile Mithali 29:18. Mabango ya semina yanasema bila maono watu huangamia. Fungua Union Version uliyoishika mwenyewe: "Pasipo maono, watu huacha kujizuia," na nusu ya pili inamtaja mwenye heri kuwa ni yule aishikaye sheria. Ni watu waliokosa neno la Mungu wakaishi ovyo. Mradi wako wa kununua spika haumo. Yeremia 29:11, ile ya "mawazo ya amani", nayo ina jirani, mstari wa 10, wenye miaka 70 ndani yake. Wazee wengi waliosomewa waraka ule walizikwa Babeli. Na Hosea 4:6 mnayowapigia washirika wasiohudhuria mafundisho, isomeni mpaka mwisho wa mstari. Anayekataliwa pale kwa kuyakataa maarifa ni kuhani.

2. Mkalimani.

Kasulu, Buhigwe, Kibondo, vijana watakuelewa, lakini bibi aliyeketi kwenye mkeka huomba na kulia kwa Kiha. Ukiwekewa mkalimani, dakika zako 25 zimekuwa 12. Punguza hubiri ukiwa nyumbani, usianze kulikata mbele ya watu. Sentensi moja, wazo moja, maneno manane hadi kumi na mawili, halafu nyamaza. Kosa linaloua ukalimani ni kukata kabla kitenzi hakijafika: ukisema "Na yule mtu, ambaye hapo mwanzo..." ukasimama, mwenzako hana cha kubeba, na kwa kuwa watu wanamtazama, atabuni. Methali zenye mchezo wa maneno hazivuki, ziache. Mpe vifungu jioni ya kuamkia siku hiyo avisome. Ukiona umesema maneno sita, yeye amesema thelathini na watu wanacheka kwa furaha, usimuulize kasema nini. Pengine amelihubiri vizuri kuliko wewe.

Salamu jifunze mwenyewe. Mwakeye kwa Waha asubuhi, na ukipangiwa Tabora kwa Wanyamwezi, Mwangaluka. Ishia kwenye salamu; hubiri zima kwa Kiha cha juma mbili limewahi kugeuza Mwana mpotevu kuwa jambo lisilosemeka kanisani. Na kwa mtakaohudumu kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu: kibali cha kuingia kambini kwanza, mengine baadaye, na mjue kwamba Mkongomani akisema mayi anataka maji, si mayai.

3. Msiba.

Hapa nitakaa.

Sisi tuliofundisha homiletiki, yaani somo la kuhubiri, tulikuwa na karatasi ya kupimia mahubiri yenye alama 100. Utangulizi 10, ufafanuzi wa andiko 30, mifano 15, matumizi 20, sauti na macho 10, wito 15. Ilionekana karatasi nzuri. Tulirithi, tukanakili, tukasambaziana. Sasa angalieni ilichokizaa. Mwanafunzi anahubiri Jumatano katika kanisa la chuo mbele ya wenzake 40, wote wameokoka, na wengine wameshaokoka mara sita muhula huohuo kwa kumwonea huruma anayepimwa. Asipoita watu mbele, alama 15 zimekwenda, na kwa baadhi yao huko ndiko kufeli. Miaka mitatu anajifunza kwamba hubiri lisilo na wito halijakwisha. Tunampa cheti, tunampeleka kituoni, Jumanne anapata msiba wa kwanza, na mwili unafanya ulichozoezwa. Kijana anasimama kaburini anatafuta alama zake 15.

Kosa ni letu, na tumelikalia miaka mingi. Tuliliona kwa macho. Walimu tuliketi viti vya mbele na kola zetu shingoni, tukasikia "marehemu alipewa nafasi, akaichezea," tukaitikia amina kwa mazoea ya kuitikia. Hakuna aliyemvuta kijana pembeni baadaye. Tungemwambia nini? Sentensi ile alitoka nayo kwenye daftari la somo la mambo ya mwisho, tulilomwandikisha wenyewe ubaoni: hali ya wafu, ufufuo, hukumu, a mpaka f. Tulimtahini walipo wafu. Hatukumtahini hata mara moja juu ya mjane aliyeketi hatua mbili kutoka kwenye jeneza, kwamba unamtazama wapi, unasema kwa sauti gani, unanyamaza lini.

Familia zilizoumizwa hivyo hazikuandika barua ya malalamiko. Ziliacha tu kuja. Mchungaji akahesabu viti, akasema watu wamepoa kiroho, akaitisha semina ya uamsho. Nasi tukaalikwa kufundisha kwenye semina hiyo, tukalipwa nauli.

Lililo baya zaidi ni kwamba tuliwatetea. Wazee wa kanisa walipokuja kulalamika, tuliwaambia kijana ana moto, mvumilieni. Wazee hao, wengine darasa la saba na wengine hawakufika, ndio waliokuwa wakienda usiku kwenye nyumba ile na unga na kuni, kuomba radhi kwa niaba ya kanisa. Walifanya kazi ya uchungaji nyuma ya migongo ya watu wenye diploma ya uchungaji. Karatasi ya kupimia imebadilishwa mahali pengine sasa, mahali pengine bado. Mnaobaki chuoni kufundisha, ifuteni ile safu ya wito au iandikeni "inapofaa", na muweke zoezi la mazishi lenye kiti cha mjane.

Basi fanyeni hivi.

Ukipata taarifa nenda siku hiyohiyo, hata kama ni saa tatu usiku, pamoja na mzee mmoja wa kanisa. Usiende na ratiba mfukoni. Keti walipoketi. Uliza mambo matatu tu: nani msemaji wa ukoo, nani anasubiriwa kutoka mbali, na mazishi wanadhani lini. Ndugu anayekuja kwa treni kutoka Dar es Salaam anaweza kuchelewa nusu siku, na kijijini hakuna chumba cha baridi, kwa hiyo swali la pili ndilo linaloamua la tatu.

Karatasi ya hatari kuliko zote msibani ni historia ya marehemu. Huandikwa usiku wa manane na kijana mwenye mwandiko mzuri, na hapo ndipo watoto wa mama mwingine husahauliwa. Isome kabla, mbele ya watu wawili, mmoja wa upande wa mjane, mmoja wa ukoo, uulize, "Watoto ndio hawa wote?" Kisha nyamaza mpaka mtu ajibu. Ugomvi wa saa moja barazani unavumilika. Mtu akiinuka makaburini kusema na mimi ni mwanawe, ibada imekwisha.

Muda: wimbo na sala dakika 8, historia 7, salamu za makundi matano kwa dakika mbili mbili, mahubiri 12. Kinachokula siku ni kuaga mwili. Watu 200 kwa sekunde tano kila mmoja ni kama dakika 17, na msibani 200 ni wachache. Kwa hiyo aga ianze kabla ya ibada, nyumbani, isingoje mwisho jua likiwa limeshaelekea ziwani. Wakati wa mvua lenga jeneza liwe chini kabla ya saa tisa alasiri.

Mahubiri, kifungu kimoja. Yohana 11 itakufundisha kuliko sisi. Martha anasema, "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa," mstari wa 21. Mariamu anasema maneno yayo hayo, mstari wa 32. Martha akapewa fundisho la ufufuo. Mariamu hakupewa fundisho. Yesu alilia machozi. Maneno ni mamoja, wafiwa ni wawili, majibu ni mawili. Mchungaji anayefika na jibu moja lililokwisha chapwa ajiulize amemfuata nani.

Marehemu ambaye hakuwa akija kanisani usimpeleke popote, juu wala chini. Sema ulichokijua kuwa kweli: alilima, alilea, alimchangia jirani. Kisha Mwanzo 18:25, "Mhukumu ulimwengu wote asitende haki?" Ukishasema hivyo umesema yote uliyoruhusiwa. Usimdanganyie utakatifu pia, maana waliomdai wako palepale wanasikiliza.

Ujiji, Mwanga, Tabora mjini, nusu ya waombolezaji ni Waislamu, na mara nyingi ndio waliochimba kaburi tangu alfajiri. Washukuru kwa kuwataja kama majirani, wape nafasi ya salamu, na hakikisha ng'ombe au mbuzi wa msiba amechinjwa na Mwislamu ili sahani iwe moja. Kamati ya chakula huwa inajua; uliza tu, kwa sababu mwaka ambao haikujua ndio utakaokumbukwa.

Kaburi lenyewe lione asubuhi. Karibu na ziwa udongo ni mchanga, kingo huporomoka na maji huchungulia chini, kwa hiyo wachimbaji wawe na mbao za kuzuia, na watu wasogezwe nyuma. Milimani, Kalinzi na kwingineko, tatizo ni utelezi: mwagieni majani makavu au maranda pale watakaposimama wabebaji. Kipimo cha jeneza kipelekwe kwa fundi wa kaburi kwa kamba iliyofungwa fundo, siyo kwa maneno, na uongezwe upana wa kiganja kila upande. Kamba za kushushia ziwe mbili, ndefu sawa, zisiwe za nailoni mpya, maana zinateleza mikononi. Wewe simama upande wa kichwani, mbali na lundo la udongo.

Baada ya mazishi andika tarehe tatu katika daftari lako: siku ya tatu, juma la pili, mwezi wa tatu. Siku ya tatu nyumba bado imejaa watu, dakika kumi zinatosha. Juma la pili wageni wameondoka na vyombo vya kuazima vimerudishwa, hapo kaa sana. Mwezi wa tatu ndipo mashemeji huanza kuuliza habari za shamba, na mjane anahitaji mtu wa kumsindikiza kwa mtendaji. Mtu akitaka kuokoka, katika nyumba hiyo atakuambia mwenyewe, pengine mkiwa mnamenya mihogo.

4. Ndoa ni sheria kabla haijawa sherehe.

Mchungaji wa majaribio huna leseni ya kufungisha ndoa. Leseni hutolewa na serikali kwa mhudumu mmojammoja, haiambatani na kanzu, wala huwezi kuiazima kwa mchungaji kiongozi akiwa safarini. Ukifungisha bila leseni, umevunja sheria, na watu hao wanaweza kuja kuhangaika siku ya mirathi.

Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka taarifa ya kusudio itolewe si chini ya siku 21 kabla. Hapa ndipo makanisa mengi yanapojikwaa bila kujua, nanyi chukueni kalenda. Tunatangaza Jumapili tatu, halafu harusi Jumamosi inayofuata tangazo la tatu. Kutoka Jumapili ya kwanza mpaka ya tatu ni siku 14. Ongeza sita mpaka Jumamosi: 20. Umepungukiwa na siku moja, na kila mtu anadhani Jumapili tatu ni juma tatu. Pokea taarifa ya maandishi juma moja kabla ya tangazo la kwanza, iwe na tarehe na sahihi za wote wawili, na hesabu itatimia yenyewe.

Mashahidi wasiopungua wawili, watu wazima wanaojua wanachokisaini, wakae karibu na meza. Msianze kuwatafuta wakati kwaya imeshatoka na wapiga picha wamemchukua bibi harusi. Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye kitambulisho cha taifa. "Mama Neema" halisajiliki. Nakala za cheti zinazopaswa kwenda kwa msajili ziende juma hilohilo, zisilale chini ya godoro la mchungaji.

Umri: Mahakama Kuu mwaka 2016 ilitamka kwamba vifungu vya 13 na 17 vilivyoruhusu msichana wa chini ya miaka 18 kuolewa vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Mzazi akija na sababu zake mpe kiti, mpe chai, tarehe usimpe.

5. Sadaka.

Watu watatu wanahesabu, siku hiyohiyo, kabla ya mtu kwenda nyumbani, wewe usiwe mmoja wao. Wanaandika noti kwa aina yake, sarafu kwa aina yake, jumla kwa tarakimu na kwa maneno, sahihi tatu. Lipa namba iwe ya kanisa. Namba ya mke wako "kwa muda tu" haina muda.

Sadaka ya mavuno ina mtego wake. Mahindi yanakuja kwa debe, maharage kwa kisado, mawese kwa dumu, kuku wanalia mlangoni, ndizi hazina kipimo. Andika kabla ya mnada, kitu na idadi, na baada ya mnada andika bei mbele yake. Ukiandika bei peke yake, gunia mbili zitapotea na hakuna karatasi itakayojua zilikuwepo. Mchungaji hanadi wala hanunui. Hata yule jogoo. Ukimnunua kwa 15,000 watu watasema alistahili 25,000, na jogoo huyo atawika miaka kumi.

6. Kalenda yako ni ya mwezi.

Chuoni tulipanga semina kwa mihula. Kibirizi na Katonga, kwa wavuvi wa Ziwa Tanganyika, hupangi hivyo. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikomaa, mwanga wa taa hauvuti samaki na vyombo hupumzika. Semina ya wanaume ukiiweka siku za giza utafundisha wanawake na watoto, halafu utasema wanaume wa mwambao hawampendi Mungu. Iweke siku za mwezi mpevu, wanaposhona nyavu. Sadaka ya shukrani iweke mara giza linapokwisha, fedha zikiwa bado mkononi. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, bajeti za mitaa ya mwambao ambazo hazikuliweka hilo mbele zilikauka kabla ya Julai. Kwa hiyo kabla ya kupanga mwaka, uliza kwanza tangazo la ziwa linasemaje.

Ukipelekwa Urambo, Kaliua au Sikonge, badala ya mwezi kuna tumbaku. Novemba na Desemba watu wako shambani, baadaye wako kwenye mabani wanakausha, usiku wanalinda moto. Soko likifunguliwa usihesabu ahadi siku ya kuuza, maana kuuza na kulipwa ni siku mbili tofauti, na kati yake kuna makato ya pembejeo.

7. Ya haraka haraka.

Usimwambie mgonjwa aache dawa, za ARV, za kisukari, za kifua kikuu, hata kama ameshuhudia mbele ya kanisa kwamba amepona; mwombee na umsindikize kliniki. Usimtembelee mwanamke aliye peke yake ukiwa peke yako. Zaka za watu kwa majina zisisomwe. Mke wako hakuajiriwa na kanisa, msimpe idara tatu juma la kwanza. Mchango wa uzeeni anza kuuchangia mshahara ukiwa bado mdogo, mwajiri asipoupeleka mwenyewe.

Cheti cha ubatizo kijaze kamili, na daftari la ubatizo lisikae sehemu inayovuja. Mtu akisajili kizazi akiwa mtu mzima, cheti hicho ni moja ya karatasi zinazokubaliwa kama ushahidi, na akija baada ya miaka 30 kutafuta jina lake akakuta mchwa, hataelewa mahubiri yako ya uaminifu katika madogo.

Kiwanja cha kanisa ambacho "tulipewa na mzee" hakijatolewa bado. Mzee akifa, wanawe watakuja na kamba ya kupimia. Ardhi ya kijiji ina Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999: maombi ya maandishi yapite halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji, muhtasari usainiwe, nakala moja ibaki kanisani na nyingine iende kwa wadhamini wa kanisa. Jina linaloandikwa ni la wadhamini. La mchungaji wa kwanza lisiandikwe, hata angekuwa mtakatifu namna gani, maana naye ana wanawe.

8. Kuhamishwa.

Barua ikija, usiifanyie mahubiri. Ndani ya juma mbili kabidhi kwa maandishi: madaftari, mihuri, funguo, risiti, orodha ya viti na sufuria, majina ya wagonjwa wa nyumbani na wajane ambao tarehe zao tatu hazijakwisha. Andika pia nani hasalimiani na nani. Waage wazee wa kanisa nyumba kwa nyumba, kisha ondoka, na usiache kabati "nitalifuata baadaye".

Halafu simu itapigwa. Bibi uliyekuwa ukimletea sakramenti amefariki, familia inakutaka wewe. Wajibu kwamba wamwambie mchungaji wao, akikualika utakuja. Akikualika, panda basi, fika na mchango wako, na uketi pale atakapokuweka.